Kwa nini wenyeji wa mji wa ufukweni hawaendi ufukweni?

#1 mgeni_wa_mawimbi
Wakuu, habari za jioni.

Nina miezi 7 tangu nihamie mji wa bahari kikazi. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye mchanga ni dakika 12 kwa mguu, nimezipima kwa saa. Kabla sijahama nilijiapia kwamba nitakuwa naoga baharini kila asubuhi ndipo niende kazini. Mwezi wa kwanza nilienda mara 9. Mwezi uliopita nimeenda mara 1, tena kwa sababu dada yangu alikuja kunitembelea akaniburuta.

Nikaanza kuulizia. Mama wa chini yangu kazaliwa hapa hapa, ananiambia ana miaka 3 hajakanyaga mchanga. Kijana wa ofisini anapita barabara ya bahari asubuhi na jioni, hajawahi kushuka. Wanaojaa kule ni wageni, na wenyeji wenyewe wako ndani wamefunga madirisha.

Mliokaa miji ya namna hii, tatizo ni nini hasa? Naona nami naelekea huko huko, na kwa kweli inaniuma. Nilikuja kwa ajili ya bahari.

#2 kifuu
Naweka mkeka nisubiri wajuzi. Mimi mwaka wa 5 sasa, nimeenda mara 2, na mara zote mbili ni harusi.

#3 PwezaWaMajabali
Jibu ni moja tu: bahari haina safari. Utaenda kesho. Kesho ikifika, utaenda wikiendi.

Wala si uvivu wako wewe peke yako. Mwaka 2010 watafiti wawili, Suzanne Shu na Ayelet Gneezy, walichapisha utafiti kuhusu watu kuahirisha mambo wanayoyapenda. Waliwaangalia wakazi wa miji kama Chicago na London, wakakuta mgeni wa wiki chache anatembelea vivutio vingi kuliko mkazi aliyekaa mwaka mzima. Wakajaribu tena kwa kugawa hati za zawadi: waliopewa wiki 3 za kuzitumia walizitumia kuliko waliopewa miezi 2. Waliopewa muda mrefu ndio walioziacha zikaoza.

Dada yako alikuwa na siku ngapi hapo kwako? 4? 5? Basi alikuwa na haraka, na haraka yake ndiyo iliyokufikisha ufukweni.

#4 Bi_Kombe
@PwezaWaMajabali umesema vizuri, mwanangu, lakini hilo ni la wahamiaji. Sisi tuliozaliwa tunayasikia mawimbi tukiwa bado tumboni. Hatuahirishi kitu. Tumeshakuwemo.

Mimi nikilala bara usiku mmoja tu sipati usingizi, nasikia kimya kinanipigia kelele masikioni. Upepo wa bahari ukichelewa mchana nahisi kabla sijatazama bendera. Sasa mtu ananiuliza mbona huendi ufukweni! Bahari naivuta kila pumzi. Mgeni anaifuata kwa sababu hana.

Harufu ile mnayoisifu mkishuka kwenye gari, sisi hatuinusi tena. Chumvi imeshazoea pua zetu.

#5 Saa_ya_Maji
Bi Kombe, shikamoo. Naomba kurekebisha kidogo: harufu ile si ya chumvi. Chumvi haina harufu. Kwa sehemu kubwa ni gesi yenye salfa, daimethili salfaidi, inayotoka pale bakteria wanapovunja kemikali iliyomo kwenye mwani na viumbe vidogo vinavyoelea. Kuna ndege wa baharini wanaoifuata harufu hiyo kutafuta chakula, kwa sababu panaponuka hivyo ndipo penye uhai.

La kuzoea ni kweli kabisa, pua huacha kuripoti kitu kisichobadilika.

#6 Bi_Kombe
Marahaba baba. Asante, nimejifunza leo.

#7 nahodha_mstaafu
Nimesoma mpaka hapa, na nadhani mmekubali swali bila kulikagua. Nani kasema wenyeji hawaendi? Wanaenda. Ila hamwaoni, kwa sababu nyinyi mnaenda kwa saa ya ukutani na wao wanaenda kwa saa ya maji.

Kati ya kujaa na kujaa kunapita saa 12 na dakika 25 hivi. Kwa hiyo kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku hizo na moja mbili baada yake, ni bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana, mwamba wote unabaki wazi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanasogea kidogo tu, hata ukienda huoni tofauti kubwa.

Siri ambayo wageni wengi hawaijui ni kwamba mahali pamoja, maji ya bamvua hukupwa karibu saa zile zile miezi yote. Ukishajua kwenu bamvua linakupwa saa ngapi, umeshapata ratiba ya maisha. Mwenyeji anayo kichwani. Anashuka, anatembea kwenye mwamba, anaokota anachookota, na wewe ukifika na taulo lako yeye yuko nyumbani ameshaoga.

@mgeni_wa_mawimbi, wewe huwa unaenda saa ngapi?

#8 mgeni_wa_mawimbi
Jumamosi, saa 8 mchana.

#9 kifuu
Saa 8 mchana! Saa hiyo hata kaa yuko shimoni kwake amefunga mlango 😂

#10 mwana_ramani
Nahodha, heshima yako. Naongeza kidogo ili msomaji wa mbali asipotee. Si kila bahari ina maji mara 2 kwa siku. Sehemu kubwa ya Ghuba ya Mexico hujaa na kukupwa mara 1 tu kwa siku. Bahari ya Mediterania kwa sehemu kubwa husogea kidogo sana, chini ya nusu mita, mtu anaweza kukaa mjini hapo mwaka mzima asijue neno bamvua. Halafu nenda Ghuba ya Fundy kule Kanada, maji yanapanda mpaka kama mita 16.

Sasa ikiwa maelezo ya nahodha ndiyo jibu lote, basi watu wa Mediterania wangekuwa ufukweni saa zote. Sidhani kama ndivyo.

#11 nahodha_mstaafu
Umenisahihisha vyema. Nilisema ya bahari niliyoifanyia kazi.

#12 sindano_na_uzi
Nije na la afya. Jua la saa 6 mpaka saa 9 mchana halina mchezo. Mionzi inayounguza ngozi haitoki juu peke yake. Mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15, na povu la mawimbi kama asilimia 25, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana mtu anakaa chini ya mwavuli na bado anaungua. Wingu nalo lisikudanganye, mionzi mingi inapita.

Mwenyeji hajasoma hizo takwimu, lakini ngozi yake inazijua. Anakwepa mchana, basi.

#13 FundiWaBati
Naona mnazungumzia bahari kama mandhari. Mimi naijua kama adui wa kazi, na nadhani hapo ndipo watu wengi mapenzi yanapoishia.

Wimbi likivunjika, mapovu yake yanapasuka na kurusha matone madogo sana yenye chumvi. Upepo unayabeba hadi dirishani kwako. Kila kilo ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo ikishatua kwenye chuma inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma kinabaki na utando wa maji hata siku ambayo hakuna mvua. Halafu kloridi iliyomo kwenye chumvi hiyo inaingia, inachimba. Bawaba, misumari ya paa, nyuma ya friji, feni, baiskeli, sahani ndogo za umeme ndani ya redio. Nimefungua feni ya mwaka 1 ukadhani imefukuliwa.

Mteja wangu mmoja alihamia nyumba ya mstari wa mbele, karibu kabisa na maji, kwa furaha isiyo kifani. Miaka 2 baadaye madirisha yote ya upande wa bahari amebandika plastiki. Ananiambia, fundi, sitaki hata kuiona. Nilisikitika sana, maana nakumbuka siku aliyonionyesha ile varanda.

#14 jiwe_la_pembeni
Fundi, kwa nini asiweke vile vyuma visivyoshika kutu akaishi kwa amani?

#15 FundiWaBati
Hilo jina linawaponza wengi. Vinashika, ila polepole. Vile vya kawaida ni namba 304, karibu na bahari vinatoka madoa ya kahawia mapema tu. Omba namba 316, ina molibdeni asilimia 2 hadi 3 na inahimili chumvi vizuri zaidi. Usichanganye chuma na alumini zikagusana moja kwa moja, chumvi ikiingia katikati alumini inaliwa. Dawa ya kwanza kuliko zote ni maji baridi yasiyo na chumvi: suuza madirisha, suuza baiskeli, suuza mashine ya nje, kila wiki. Mvua inakusaidia, ndiyo maana sehemu iliyojificha chini ya paa huoza kabla ya ile inayopigwa na mvua.

#16 jiwe_la_pembeni
Sikuwahi kufikiria hilo la mvua. Barikiwa.

#17 maua_ya_jioni
Nimesita kuandika, lakini ngoja niseme.

Kwetu hatuendi kwa sababu ya kaka yangu. Nilikuwa na miaka 11. Alikuwa anaogelea vizuri kuliko wote mtaani. Aliingia sehemu ambayo maji yalikuwa yametulia, tukamwona anasogea nje, anasogea nje, anapiga mikono kurudi, harudi. Mama hakuwahi kutukataza kwa maneno. Aliacha tu kutupeleka, na sisi tukaacha kuomba. Ukipita mitaa ya karibu na bahari, nadhani nyumba nyingi zina jambo kama hili na hawalisemi. Mgeni anaona dirisha limefungwa tu.

#18 Bi_Kombe
Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu. Umesema kitu ambacho mimi nilikizunguka pale juu. Na kwetu yupo.

#19 mgeni_wa_mawimbi
Pole sana dada. Nilipouliza sikuwaza upande huu kabisa.

#20 kifuu
Pole dada. Utani naweka kando. Wataalamu, hapo penye maji matulivu kunakuwa na nini? Nimesikia kuna kitu kinavuta mtu chini.

#21 nahodha_mstaafu
Pole binti yangu.

Kifuu, hakivuti chini, na tofauti hiyo inaokoa maisha. Kinavuta NJE. Mawimbi yanaleta maji ufuoni, na maji hayo lazima yarudi. Yanatafuta mfereji mahali penye kina zaidi, yanarudi kwa kasi kama mto mwembamba. Kwa kuwa pana kina, mawimbi hayavunjiki hapo. Kwa hiyo mtu anayaona mawimbi meupe kulia na kushoto, na katikati pametulia, anachagua katikati. Ndipo penyewe.

Ukishikwa, usishindane nao. Mkondo wenye nguvu unaweza kufika zaidi ya mita 2 kwa sekunde, hata mwogeleaji wa mashindano hashindi hapo. Anayezama mara nyingi amechoka kwa kupigana. Elea, inua mkono, ita. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mfereji, kisha rudi pale mawimbi yanapovunjika, yatakusukuma.

#22 Saa_ya_Maji
Niongeze kwa heshima. Hilo la sambamba lina mjadala siku hizi. Watafiti waliachia vifaa vyenye GPS vielee kwenye mikondo hiyo, vingi vikazunguka vikarudi maeneo ya karibu badala ya kwenda moja kwa moja baharini. Wengine wakahitimisha kwamba kuelea tu kunatosha. Lakini si kila ufuo uko hivyo, na ukiogelea upande usio sahihi unaweza kukutana na mzunguko unaokurudisha. La kuelea kwanza na kuita halina ubishi. Na bora zaidi, ogelea penye walinzi.

#23 maua_ya_jioni
Asanteni. Nimeisoma mara mbili. Nitawaonyesha wanangu.

#24 mwana_ramani
Nirudi kwenye mada kwa upande wa ramani, maana kuna sababu haijaguswa: miji mingi ya bahari imejengwa ikiipa bahari mgongo.

Tazama Barcelona. Mji uko kando ya bahari tangu enzi za Warumi, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ukingo wake ilikuwa reli, viwanda na maghala. Mtu angeweza kuishi pale asiguse maji. Walipojiandaa kwa Olimpiki ya 1992 ndipo wakahamisha reli, wakabomoa viwanda, wakamwaga mchanga na kutengeneza fukwe ambazo leo watu wanadhani zilikuwepo tangu zamani.

Sasa jiulizeni: hizo dakika 12 za mwanzisha uzi anapita wapi? Kuna kivuli? Kuna njia ya miguu? Au anavuka barabara kubwa mara 2, anazunguka ukuta wa hoteli, anapita uchochoro wenye maji machafu? Watu hawakosi hamu. Njia ndiyo inayowakatisha tamaa.

#25 mgeni_wa_mawimbi
Umenishtua. Ni barabara ya njia nne, halafu kuta, halafu uchochoro. Ufukwe siuoni mpaka niwe juu yake.

#26 PwezaWaMajabali
Mwana_ramani, hoja nzuri, lakini mwezi wa kwanza alienda mara 9 kwa njia hiyo hiyo. Ukuta haukuongezeka.

#27 mwana_ramani
Mwezi wa kwanza mtu anapanda hata mlima kwenda kuona alichokifuata. Baada ya hapo mguu unadai njia nzuri.

#28 KitabuChaZamani
Kuna kitu kingine. Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman walichapisha utafiti wa wanafunzi wa California na wa majimbo ya katikati ya Marekani. Pande zote mbili zilidhani watu wa California wanaridhika zaidi na maisha. Walipopimwa kuridhika kwao, walikuwa sawa. Maelezo yao ni kwamba ukiulizwa kuhusu mahali, akili inakimbilia kile kinachopatofautisha, yaani jua na hali ya hewa. Lakini ukishaishi pale, siku yako inajazwa na foleni, bosi, mtoto mgonjwa, nguo za kufua.

Ndugu yetu alihamia kwenye picha ya bahari, akakuta amehamia kwenye kazi. Si kosa la bahari.

#29 sindano_na_uzi
Hapo siafiki moja kwa moja. Uingereza walichambua sensa ya 2001, matokeo yakatoka 2012: wanaoishi karibu na pwani walisema wana afya njema kidogo kuliko walio mbali, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwenye maeneo ya watu maskini. Kwa hiyo bahari inafanya kitu, hata kama mtu haendi kulala kwenye mchanga.

#30 KitabuChaZamani
Au wenye afya ndio wanaohamia pwani.

#31 sindano_na_uzi
Maskini anahamia wapi, ndugu yangu? Hapo ndipo tofauti ilipokuwa kubwa.

#32 KitabuChaZamani
Nakubali hilo linanipa kazi ya kufikiri.

#33 jiwe_la_pembeni
Mimi afya niliyoipata mji wa bahari ni usingizi tu. Nalala kama pono.

#34 Saa_ya_Maji
Na pono mwenyewe anastahili sifa hiyo! Baadhi ya aina zake usiku hujifunika utando wa ute, wanalala ndani yake kama kwenye chandarua. Mchana sasa, wanatafuna matumbawe na mwamba kwa ile midomo migumu, wanasaga, na kinachotoka upande wa pili ni mchanga. Fukwe nyingi nyeupe za nchi za joto zina sehemu kubwa ya kazi ya pono.

#35 kifuu
Yaani taulo nimelitandika juu ya...

#36 Saa_ya_Maji
Ndiyo. Na ni mchanga mzuri kuliko yote.

#37 nahodha_mstaafu
Uzi umetoka kwenye kutu umefika kwa pono, sasa turudi kwa kijana. Mwanangu, acha kwenda "ufukweni". Nenda na kazi. Siku moja tembea ufuo wote mpaka unapoishia, uone mji unaishia vipi. Siku nyingine nenda usiku uhisi upepo ukigeuka, maana mchana nchi kavu inapata joto haraka na upepo unatoka baharini, usiku nchi inapoa na upepo unarudi. Siku ya bamvua shuka kwenye mwamba na viatu miguuni, geuza jiwe uone kilichopo, ulirudishe jiwe kama lilivyokuwa. Uliza wavuvi mkondo uko wapi. Mchanga wa upande mmoja wa gati utaukuta umejaa na upande mwingine umeliwa, simama pale ujiulize unaenda wapi. Mtu mwenye swali haahirishi.

#38 Bi_Kombe
Na mama wa chini yako mgongee mlango. Miaka 3 ni mingi. Pengine anasubiri wa kwenda naye.

#39 mgeni_wa_mawimbi
Narudi na taarifa, ni siku 4 tangu niandike.

Jana mwezi ulikuwa mpevu. Nilimgongea mama saa 11 alfajiri kama tulivyopatana, akatoka ameshavaa viatu vya mpira na kikapu mkononi, yaani alikuwa tayari kuliko mimi. Tulifika saa 12 kasoro. Maji yalikuwa mbali sana, sijawahi kuyaona mbali vile. Na watu walikuwepo! Wazee, watoto, wanawake wawili wawili, wote wanainama inama kwenye mwamba. Mama alisalimiana na karibu kila mtu. Kuna aliowaita kwa majina ya utotoni.

Kuhusu ile miaka 3 nilimuuliza njiani. Akasema magoti. Halafu akanyamaza, halafu akasema pia alikuwa akija na mumewe.

Nahodha, kesho nataka kurudi. Nimpitie saa ile ile?

#40 nahodha_mstaafu
Ulienda jana, unarudi kesho, hizo ni siku 2. Ongeza saa 1 na dakika 40 hivi. Mwambie mama achelewe kuamka kidogo, na mtoke na kofia.